Kati ya Waya na Kompyuta: Draiva ya Kadi ya Mtandao

Draiva ya kadi ya mtandao ni sehemu ya mfumo endeshi inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi yake ya Etheneti. Kadi hiyo inajua jambo moja, nalo ni kupeleka na kupokea mapigo ya umeme kwenye waya. Mfumo endeshi nao unajua pakiti, anwani na programu za watumiaji. Pande hizi mbili hazina lugha moja mpaka draiva isimame katikati kama mkalimani. Mafundi wamelitenga neno hili na dereva wa gari, ila kazi zinafanana, kwa kuwa wote wawili huongoza chombo ambacho abiria hana haja ya kujua injini yake inavyozunguka.

Umuhimu wa draiva huonekana siku inapokosekana. Mazinde, kata ya Wilaya ya Korogwe iliyo kando ya barabara kuu ya kutoka Mombo kwenda Same na Moshi, ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili. Huko, kama kwingineko Afrika Mashariki, kompyuta iliyokwishatumika ni mali. Itawekwa kwenye ofisi ya shule, au kwenye duka la stesheneri ambako vijana hujaza fomu za mkopo wa chuo na maombi ya ajira. Fundi huifuta na kuiwekea Linux, kwa sababu mfumo huo hauuzwi na wapo watoaji wake wanaouandaa mahsusi kwa mashine dhaifu. Waya unachomekwa, kijitaa cha kijani kinawaka kwenye tundu, lakini mtandao haupo. Asiyejua atabadilisha waya, kisha swichi, kisha ataugeukia uunganisho wa intaneti wenyewe. Anayejua huandika amri ya lspci -k, ambayo huorodhesha vifaa vya ndani pamoja na draiva inayovihudumia. Akiona kadi imetajwa bila jina la draiva chini yake, ugonjwa umeshajulikana.

Etheneti na fremu zake

Etheneti ilizaliwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs. Mtandao wao wa kwanza ulibeba megabiti 2.94 kwa sekunde, na mashine zote zilitumia waya mmoja kwa zamu. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitoa kanuni ya megabiti 10, na mwaka 1983 ikafuata kanuni ya 802.3 ya taasisi ya wahandisi ya IEEE, ambayo ndiyo msingi wa Etheneti mpaka leo. Kasi imepanda hadi megabiti 100, kisha gigabiti moja na zaidi, lakini umbo la mzigo limebaki karibu lilelile.

Mzigo huo huitwa fremu. Fremu huanza na anwani ya mpokeaji yenye baiti 6, ikifuatwa na anwani ya mtumaji yenye baiti 6, kisha baiti 2 za kueleza aina ya shehena. Shehena yenyewe huwa ya baiti 46 hadi 1,500, na mwisho huja baiti 4 za kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Kwa hiyo fremu ya kawaida haipungui baiti 64 wala haizidi 1,518. Anwani hizo za baiti 6, zijulikanazo kama anwani za MAC, huandikwa ndani ya kadi kiwandani. Nusu ya kwanza hutambulisha mtengenezaji, na nusu ya pili ni namba ya kadi yenyewe.

Hata pale ambapo mkongo wa fiba umefika, mita chache za mwisho mpaka mezani mara nyingi hupita kwenye waya wa Etheneti wenye nyuzi nane za shaba, zilizosokotwa mbilimbili. Waya huo huruhusiwa urefu usiozidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Hizo ndizo mita ambazo draiva huzihudumia.

Unix na ukoo wake

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley kiliendeleza tawi lake liitwalo BSD, na toleo la 4.2BSD la mwaka 1983 ndilo lililosambaza kwa upana itifaki za TCP/IP zinazoendesha intaneti. Kutoka ukoo huo wamezaliwa FreeBSD, NetBSD na OpenBSD. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haikurithi msimbo wa Unix, ila ilifuata mwenendo wake.

Mifumo hii yote hufuata kanuni moja inayorahisisha mambo. Sehemu ya juu ya mtandao, yaani ile inayoshughulikia anwani za IP na mazungumzo ya TCP, haijui kadi ni ya kampuni gani. Inachokijua ni kiolesura, mlango wenye jina na kazi chache zinazofahamika: washa, zima, tuma, pokea, badilisha mpangilio. Draiva ndiyo inayozitimiza kazi hizo kwa namna inayoifaa kadi yake. Kwa sababu hiyo kadi inaweza kung'olewa na kuwekwa nyingine, na programu ya barua pepe isihisi lolote.

Majina ya milango hiyo hutofautiana. Katika familia ya BSD, mlango huitwa kwa jina la draiva: em0 ni kadi ya kwanza ya Intel ya gigabiti, na re0 ni ya Realtek. Linux kwa miaka mingi iliita kila kadi eth0, eth1 na kuendelea. Siku hizi watoaji wengi wa Linux hutumia majina yanayoeleza mahali kadi ilipochomekwa, kama enp3s0, yaani kadi ya Etheneti iliyoko kwenye njia namba 3, nafasi namba 0.

Kuitambua kadi

Kazi ya draiva huanza kompyuta inapowaka. Kila kifaa kilichochomekwa kwenye njia ya PCI, inayounganisha vifaa vya ndani, hubeba namba mbili za utambulisho: ya mtengenezaji na ya aina ya kifaa. Intel imesajiliwa kwa namba 8086, ileile ya prosesa yake maarufu ya mwaka 1978. Realtek ya Taiwan ni 10ec. Kiini cha mfumo, yaani sehemu yake ya ndani inayosimamia vifaa, husoma namba hizo na kuzilinganisha na orodha zilizomo ndani ya draiva. Draiva inayoikuta namba ya kadi kwenye orodha yake huipokea.

Hapa ndipo kadi mpya inapoweza kukwama katika mfumo wa zamani: namba yake haimo kwenye orodha yoyote, kwa hiyo hakuna anayeipokea. Dawa yake ni kuweka toleo jipya la mfumo, au kuleta draiva kwa flashi. Fundi aliyekwama mahali pasipo na njia nyingine huunganisha simu kwa waya wa USB na kuigeuza mtandao wa muda, kwa kuwa draiva ya njia hiyo kwa kawaida huwemo tayari ndani ya Linux. Kwa muda huo mfupi simu huipa kompyuta mtandao wa kuitafutia kadi draiva yake.

Baada ya kuipokea kadi, draiva huirudisha kwenye hali ya mwanzo, husoma anwani yake ya MAC, hutenga sehemu za kumbukumbu na hujiandikisha kwenye kiini kama kiolesura. Kisha kadi na swichi hukubaliana kasi: kila upande hutangaza uwezo wake, nayo kasi ya juu inayowezekana pande zote mbili huchaguliwa.

Toroli za mkonge na duara la fremu

Moyo wa draiva ni namna inavyopitisha fremu, na mfano wake umo katika mashamba ya mkonge ya Korogwe. Majani yaliyokatwa hufungwa mafungu na kupelekwa korona, kiwanda cha kutoa singa. Zamani mafungu hayo yalibebwa na toroli za reli nyembamba. Toroli zilizojaa ziliingia korona, zikapakuliwa, zikarudishwa shambani tupu. Kazi ilikwenda vizuri maadamu toroli tupu zilirudi kwa wakati. Zikichelewa, wakataji walikosa pa kupakia hata kama majani yalikuwa tele.

Draiva hufanya vivyo hivyo. Hutenga katika kumbukumbu orodha ya nafasi zilizopangwa kama duara, moja kwa ajili ya kutuma na nyingine kwa ajili ya kupokea. Kila nafasi hueleza fremu imelala wapi katika kumbukumbu, ina urefu gani, na sasa ni mali ya nani, ya kadi au ya draiva. Wakati wa kutuma, draiva hujaza nafasi, huikabidhi kwa kadi na kuipa ishara. Kadi huichota fremu yenyewe moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu, bila kuibebesha prosesa kazi ya kuhamisha baiti moja moja. Ikimaliza huirudisha nafasi, nayo draiva huitumia tena.

Wakati wa kupokea, mwendo hugeuka. Draiva hukabidhi nafasi tupu mapema, kwa maana haijui fremu itaingia saa ngapi. Kadi hujaza moja, kisha inayofuata. Draiva hutoa fremu iliyoingia, huipeleka juu kwenye sehemu ya IP, na papo hapo huweka nafasi nyingine tupu badala yake. Nafasi tupu zikiisha, fremu inayokuja huanguka. Haitoi sauti wala onyo mezani, huongeza tu moja kwenye hesabu ya zilizopotea. Mtumiaji huona ukurasa unachelewa kufunguka, kwa sababu TCP italazimika kukituma tena kilichopotea.

Hodi zikizidi

Kadi huijulishaje draiva kwamba kuna fremu? Hupiga hodi kwa prosesa. Prosesa huiacha kazi iliyokuwa nayo, hukimbilia msimbo wa draiva, huhudumia, kisha hurudi ilikoachia. Utaratibu huu ulifaa vizuri mitandao ilipokuwa ya polepole. Waya wa gigabiti moja, ukijazwa fremu ndogo kabisa, hupitisha fremu kama 1,488,000 kwa sekunde. Kompyuta ikiitikia hodi kwa kila moja, itashinda mlangoni bila kupika chochote jikoni.

Hali hiyo ilichambuliwa na watafiti Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan katika andiko lao la mwaka 1996. Walionyesha kwamba mfumo wa Unix uliozidiwa na fremu unaweza kufika mahali pa kupokea kila kitu na kutokamilisha lolote. Dawa iliyokubalika ni kubadili utaratibu. Hodi ya kwanza ikipigwa, draiva huzima kengele, huenda kwenye duara, na kuchukua fremu kwa mafungu yenye kikomo. Duara likiisha, kengele huwashwa tena. Linux huuita utaratibu wake NAPI. Kadi nyingi za kisasa nazo husubiri kidogo na kukusanya fremu kadhaa kabla ya kupiga hodi moja.

Kuangalia mapigo

Draiva haifanyi kazi ya kupitisha fremu pekee. Huangalia pia kama waya ungali mzima. Umeme ukikatika na swichi kuzimika wakati kompyuta inaendelea kwa betri, kadi hugundua kwamba upande wa pili umenyamaza, na draiva huuarifu mfumo. Kwenye FreeBSD, amri ya ifconfig huonyesha hali hiyo kwa maneno «no carrier», yaani hakuna ishara yoyote inayoingia kutoka kwenye waya. Umeme ukirudi, hali hugeuka kuwa «active» bila kompyuta kuzimwa na kuwashwa upya.

Maneno hayo mawili humwokoa fundi muda mwingi. «No carrier» humwelekeza kwenye waya, tundu la swichi au umeme wa swichi. «Active» bila intaneti humwambia kwamba waya ni mzima, kwa hiyo tatizo liko juu zaidi, kwenye anwani au kwenye ruta.

Upo pia mlinzi wa muda. Katika draiva nyingi za FreeBSD, fremu iliyokabidhiwa kwa kadi ikipitisha sekunde 5 bila kukamilika, draiva huhesabu kwamba kadi imeganda, huiwasha upya na kuandika tukio hilo kwenye daftari la mfumo. Tukio moja si la kutisha. Yakijirudia kila siku, fundi hana budi kuiangalia kadi yenyewe, waya wake, au radi iliyopiga jirani.

Kadi ya bei ya chini na mtu aliyeihudumia

Kadi ya Realtek 8139 huonyesha vizuri uzito wa kazi ya mwandishi wa draiva. Ilikuwa ya megabiti 100, ya bei ya chini sana, na ilienea duniani kote. Unafuu wake ulitokana na kupunguza vitu ndani. Kwa upande wa kutuma ina nafasi 4 tu, wakati kadi za gigabiti huwa na mamia. Kwa upande wa kupokea haina duara la nafasi zinazojitegemea, bali eneo moja refu la kumbukumbu lisilozidi kilobaiti 64, ambamo fremu hurundikwa moja baada ya nyingine. Draiva hulazimika kunakili kila fremu kuitoa humo kabla haijafunikwa na nyingine. Kazi ambayo kadi ingeifanya inabebwa na prosesa.

Kwa FreeBSD, draiva ya kadi hiyo iliandikwa na Bill Paul, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Inaitwa rl, na ilianza kuonekana katika toleo la 3.0 la mwaka 1998. Ndani ya msimbo aliacha maelezo marefu ya udhaifu wa kadi na jinsi ya kuuzunguka, ili atakayekuja baadaye asianze kutafuta gizani. Upande wa Linux, Donald Becker, aliyekuwa kwenye mradi wa NASA, aliandika draiva nyingi za Etheneti katika miaka ya 1990, zikiwemo za kadi za bei nafuu kama hiyo. Watu hawa wawili hawakutengeneza kadi hata moja. Walichokifanya ni kuzifanya kadi za watu wengi ziwe na manufaa, na kuuacha msimbo wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Uwazi huo umefika Afrika Mashariki. Kundi la waendesha mitandao wa Afrika, AfNOG, lililoanza mafunzo yake Cape Town mwaka 2000, limefundisha mafundi wa bara hili kwa kutumia programu huria, FreeBSD ikiwemo. Mafunzo yake yamefanyika Kampala, Nairobi, Kigali na, mwaka 2011, Dar es Salaam. Ruta za MikroTik, ambazo hutumiwa sana na watoa huduma wadogo wa intaneti katika ukanda huu, huendeshwa na mfumo uliojengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hiyo hata asiyewahi kuisikia Unix hupitisha ujumbe wake kwenye draiva za Linux kila anapotumia mtandao wa aina hiyo.

Draiva huzeeka vipi

Draiva haichakai kama tairi, lakini huachwa nyuma. Kiini cha mfumo hubadilika kila mwaka, na kila kinapobadilika draiva zote sharti zirekebishwe zifuatane nacho. Isiyo na mtu wa kuirekebisha wala kuijaribu hugeuka mzigo. Mwaka 2018 watengenezaji wa FreeBSD walipendekeza kuziondoa draiva nyingi za kadi za megabiti 10 na 100, na toleo la 13.0 lilipotoka mwaka 2021 draiva kadhaa hazikuwemo. Ya rl haikuguswa, wala fxp ya kadi za Intel za megabiti 100, kwa sababu bado zilikuwa na watumiaji wanaojulikana.

Sababu hiyo ina funzo kwa shule na ofisi zinazotegemea mashine zilizokwishatumika. Draiva hubaki pale watumiaji wake wanapojitokeza kusema kwamba wanaihitaji, wakaijaribu kwenye matoleo mapya na kuripoti hitilafu. Wakikaa kimya, watengenezaji walioko mbali wataamini kwamba kadi hiyo haipo tena duniani, hata kama inafanya kazi kila siku katika stesheneri ya Mazinde.

Anayenunua kompyuta iliyotumika na afanye jambo moja dogo kabla ya kulipa. Aiwashe kwa flashi yenye Linux, achomeke waya wa mtandao, kisha aandike lspci -k. Ikiwa chini ya kadi ya Etheneti pameandikwa jina la draiva, mashine hiyo ina mlango wa kuingilia intaneti. Ikiwa hapana, ajue bei halisi ya mashine hiyo ni bei yake pamoja na ya kadi nyingine.